Mada ya vichocheo vya shaba kwa memwari: nijenge maisha juu yake, ao nifuate njia ya migodi?

Kijana wa Katuba aliuliza:

Jambo wakubwa wote. Niko mwaka wa kwanza wa masta ya kemia hapa Lubumbashi. Prof wangu amenipa mada ya memwari, yaani tasnifu ya kumaliza masta: kuunganisha kaboni ya bromobenzini na nitrojeni ya imidazoli, kichocheo kikiwa shaba. Anataka jibu langu kabla mwezi haujaisha, kwa sababu kuna mwenzangu anayeitamani nafasi hiyo hiyo.

Mada naipenda, siwafichi. Tangu tulipofundishwa kwamba atomu moja ya metali inaweza kupitisha molekuli mia ao elfu, moja nyuma ya nyingine, na yenyewe ikabaki tayari kwa inayofuata, akili yangu haijatoka pale. Nimesoma juu ya Nobeli ya 2010 ya paladi. Nimesoma juu ya ile ya 2021 ya List na MacMillan, ambao vichocheo vyao havina metali kabisa. Kila nikisoma naona kazi ambayo ningeweza kuamkia kila asubuhi.

Nyumbani hawaioni hivyo. Baba alitumika Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kule Likasi, kwenye elektrolisisi ya Shituru, mpaka alipopumzika. Anasema: shaba inauzwa kwa tani, wewe unataka kuitumia kwa miligramu, nani atakulipa? Wenzangu wengi wa promosheni wamechagua hidrometalurjia, yaani kutoa metali kwenye mawe kwa maji na asidi, wanapata staji Kolwezi na Fungurume, wengine wamekwisha kuitwa kazini. Yaya wangu anasema mtu wa oganiki, kemia ya molekuli za kaboni, hapa anaishia kufundisha sekondari. Kufundisha si kubaya, yeye mwenyewe ni mwalimu, lakini mimi nataka utafiti.

Naomba mtu aliyeipita njia hii aniambie ukweli. Hiyo shaba ni kichocheo cha kweli, ao wanatupatia sisi kwa sababu paladi ni ya bei kali? Na je, inawezekana kufanya utafiti wa maana katika fasi isiyo na mashine ya RMN, ile inayosoma umbo la molekuli? Aksanti.

Mtu wa SX alijibu:

Mdogo wangu, mimi si mtu wa oganiki, ni mtu wa metalurjia, lakini acha nikusemeshe kwa ajili ya mzee wako.

Natumika kiwandani upande wa Kolwezi, sehemu tunayoiita SX, yaani kuvuta shaba kwa kiyeyushi. Mawe ya oksidi yanasagwa, yanaloweshwa katika asidi ya sulfuriki, na shaba inayeyuka pamoja na chuma, kobalti, manganizi na takataka nyingine. Halafu maji hayo tunayachanganya na mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo ndani yake kuna molekuli inayochagua shaba na kuacha vingine vipite. Molekuli hiyo ni ya oganiki kabisa. Ni jamii ya salisilaldoksimu, imefungiwa mkia wa kaboni tisa ili ibaki kwenye mafuta, isikimbilie majini. Mbili zinashika ayoni moja ya shaba na kuachia protoni mbili. Tukizipeleka kwenye asidi kali, zinaachia shaba na kurudi kazini. Shaba inakwenda elektrolisisi, inatoka kathodi ya 99.99%. Mzee wako anaijua kathodi vizuri kuniliko mimi.

Shida yetu kubwa ni kwamba molekuli ile inachoka. Asidi inaivunja polepole mpaka inarudi kuwa aldehidi, na aldehidi haivuti kitu. Mara nyingine kunatokea tope kati ya maji na mafuta, na tangi zima linapunguza mwendo. Hapo tunampigia simu muuzaji wa kemikali, anachukua sampuli, anaipeleka nje ya nchi, tunangoja. Watu wa metalurjia tuko wengi. Mtu anayeweza kukaa na sampuli ile na kusema ni dhamana gani, yaani kifungo gani kati ya atomu, imevunjika na kwa nini, kwenye zamu yetu hayupo.

Kwa hiyo mzee wako akisema oganiki na migodi ni njia mbili, mwambie kwamba huku kwetu zinakutana ndani ya tangi.

Mama Silika alijibu:

Mwanangu wa Katuba, kubali mada hiyo. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu ni kazi niliyoipa maisha yangu na sipendi kijana aiache kwa maneno ya kusikia tu.

Niliingia Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, mwaka 1997, nikamaliza lisansi ya kemia, nikabaki asistanti nikisimamia prakitiki. Mwaka 2008 nilipata nafasi ya kufanya doktora Ubelgiji, na mada ya kule ilikuwa ya paladi. Nilikuwa katika maabara hiyo Oktoba 2010 ilipotangazwa Nobeli ya Heck, Negishi na Suzuki. Wenzangu walishangilia, nami nilishangilia, halafu jioni nikaenda kutafuta makala za Heck za 1968. Ni saba, zimefuatana katika jarida moja, na juu ya kila moja kuna jina lake peke yake. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya kemikali, Hercules, huko Delaware. Nilizisoma zote. Zimeandikwa kwa utulivu mkubwa: hiki nimechanganya na hiki, nimepata hiki, nadhani njia yake ni hii. Kutoka hapo nilijua ni kemia ya namna gani ninayotaka kuifanya mpaka uzee.

Na kwa kuwa yaya wako anapima mtu kwa cheo, mwambie pia juu ya Yves Chauvin. Mfaransa huyo alieleza mwaka 1971, pamoja na mwanafunzi wake Hérisson, jinsi metali inavyobadilishana vipande na molekuli zenye dhamana mbili. Nobeli ilimfikia mwaka 2005. Doktora hakuwahi kuifanya. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuwa kwenye taasisi ya petroli.

Nilirudi Lubumbashi mwaka 2013. Nilikuwa na ujuzi wa paladi na sikuwa na paladi. Chupa ndogo ya asetati yake ilimeza fedha ya vifaa ya muhula mzima, na ilichelewa mpakani Kasumbalesa mpaka wanafunzi wangu wakabadilisha mada. Ligandi, yaani molekuli zinazoishika metali, za fosfini nilizozizoea nyingi zinaharibika hewani, na sanduku la glavu hatukuwa nalo. Kisha umeme. Mmenyuko unaotaka digrii 100 usiku kucha, ukikatikiwa na umeme saa nane ya usiku, asubuhi unapata asilimia fulani ya zao, yaani kitu kilichotengenezwa, na hujui asilimia hiyo inasema nini. Kasi huwezi kuipima hivyo, na mtu wa vichocheo asiyepima kasi hana la kusema.

Sasa shaba. Unauliza kama ni kichocheo cha kweli. Ni cha kwanza, mwanangu. Glaser aliunganisha asetilini mbili kwa shaba mwaka 1869. Ullmann aliunganisha pete mbili za benzini mwaka 1901. Irma Goldberg, mzaliwa wa Moscow aliyefanya kazi Geneva, alionyesha mwaka 1906 kwamba shaba kidogo tu inatosha kufunga nitrojeni kwenye pete, na hiyo ndiyo mada yako yenyewe. Tatizo la zama zile lilikuwa joto, digrii 200 na zaidi, na mara nyingi shaba ilitiwa kwa wingi kama kiungo, haikuwa kichocheo. Kwa miaka mingi watu waliiacha, na paladi ilipokuja wakaisahau.

Kilichoirudisha ni ligandi. Shaba iliyo uchi kwenye kiyeyushi inajikusanya, inazama chini, inakufa. Ukiipa molekuli ndogo ya kuishika kwa pande mbili, inabaki imeyeyuka na inafanya kazi kwenye digrii 80 au 110. Ligandi ni kama kata ya kichwani: mzigo haubebi, lakini bila kata mzigo hautulii. Ma Dawei wa Shanghai alionyesha mwaka 1998 kwamba asidi amino za kawaida zinatosha. Buchwald alileta diamini zake mwaka 2001. Halafu nikaikuta makala ya kundi la Cristau na Taillefer wa Montpellier, ya mwaka 2004.

Hapo nilisimama. Walikuwa wanaunganisha azoli, jamii ya imidazoli yako, na bromobenzini kwa oksidi ya shaba, ndani ya asetonitrili, kwenye joto la kuchemka kwake, kama digrii 82. Ligandi mojawapo waliyoitumia ilikuwa salisilaldoksimu. Ndugu yetu wa SX ameieleza hapo juu: ni molekuli ya tangi lake la Kolwezi iliyokatwa mkia. Kitu kinachovuta shaba kutoka kwenye matope yetu ndicho walichokitumia Montpellier kuilazimisha shaba ifanye usanisi. Hapa mjini kuna watu wanaoizungumzia molekuli hiyo kila siku wakiwa wamevaa kofia za usalama, na hakuna aliyekuwa ameiweka kwenye chupa ya mmenyuko. Nilijua nimepata swali langu: mkia ule, na vikundi vingine tunavyoweza kuvibandika kwenye pete, vinabadilisha nini katika mwendo wa shaba kama kichocheo? Tangu wakati huo sijatoka kwenye swali hilo, na halijaisha.

Naona mada ya prof wako iko jirani kabisa. Sitakuficha pia upande mwingine. Watu wanaandika haraka haraka kwamba shaba ni rahisi na paladi ni ghali, wakaishia hapo. Kilo ya shaba ni kama dola 10, ya paladi ni makumi ya maelfu. Sawa. Lakini katika mimenyuko hii shaba inatiwa mara nyingi 5 au 10 kwa kila molekuli 100, wakati paladi nzuri inafanya kazi kwa 1 kwa 1,000 au chini zaidi. Ongeza bei ya besi, kwa sababu kaboneti ya sesi inayopendwa sana kwenye makala si ya mfuko wetu. Ongeza kiyeyushi. Kuna makala nyingi ambazo hesabu yake yote ikiwekwa mezani, paladi inashinda. Shaba inashinda kwa wazi kwenye dawa: kanuni za kimataifa za mabaki ya metali katika dawa za kumeza zinaruhusu mikrogramu 100 za paladi kwa siku, na mikrogramu 3,000 za shaba. Hiyo ni hoja ya kweli. Ukiandika utangulizi wa memwari yako, anza na hiyo, na bei iweke baadaye pamoja na hesabu kamili.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote niliyosema: jaribio tupu. Yaani kila kitu kimo, ila shaba hujaitia.

Mwaka 2003 kundi la Leadbeater lilitangaza muungano wa Suzuki, unaofunga kaboni ya pete moja kwenye nyingine, bila metali yoyote. Waliendelea kuchunguza, na mwaka 2005 wao wenyewe wakaonyesha kwamba kaboneti ya sodiamu waliyoinunua ilikuwa na paladi kiasi cha sehemu 50 katika bilioni, na hiyo ilitosha kufanya kazi. Mwaka 2009 Buchwald na Bolm waliandika pamoja juu ya kloridi ya chuma: baadhi ya kazi zilizosifiwa kuwa za chuma zilifanywa na chembe za shaba zilizojificha ndani yake. Mwaka 2019 kundi la Ananikov wa Moscow lilionyesha kwamba hata sumaku za kukorogea zilizokwisha kutumika zinabaki na metali kwenye mikwaruzo yake, na metali hiyo inachochea mmenyuko wa mtu anayefuata.

Hao wako Marekani, Ujerumani, Urusi. Sisi tuko Lubumbashi. Fungua dirisha wakati wa kiangazi uone vumbi linaloingia. Katika maabara yangu jaribio tupu lilianza kutoa zao, kidogo lakini dhahiri, na tulitumia miezi tukitafuta shaba ilikotoka. Ilitoka mezani, ilitoka kwenye vijiko, ilitoka kwenye maji ya bomba tuliyosuuzia vyombo. Leo kila chombo cha kioo kinalala katika asidi ya nitriki, kinasuuzwa kwa maji yaliyosafishwa, kinakauka kikiwa kimefunikwa. Sumaku za jaribio tupu ni mpya na hazichanganyiki na nyingine. Hakuna mfululizo wa majaribio unaoandikwa kwenye daftari bila jaribio tupu pembeni yake, siku hiyo hiyo, kwenye bafu ile ile ya mafuta. Mwanafunzi asiyekubali hilo simchukui, hata kama ana alama za juu.

Kuna wanaosema mji huu hauwezi kufanya kemia safi kwa sababu hiyo. Mimi naona kinyume. Mtu aliyejifunza kulitafuta chembe la shaba Lubumbashi atalitafuta popote, na neno lake likiandikwa linaaminika.

Mtoto wa Bukavu alijibu:

Mimi natoka Bukavu, kwa sasa niko Cape Town kwa doktora, upande wa kemia ya dawa. Naheshimu sana maneno ya Mama Silika, lakini mdogo wetu ajue pia kwamba njia ya nje ipo, na si lazima iende Ulaya.

Profesa Kelly Chibale, aliyeanzisha kituo cha H3D, cha kutafuta dawa mpya, hapa Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2010, ni Mzambia. Baada ya digrii yake Lusaka alitumika kwenye kiwanda cha baruti cha Kafironda, Mufulira. Mufulira unaijua, ni pale ng'ambo ukivuka Mokambo. Alianzia kwenye mji wa shaba, akaenda Cambridge kwa doktora, akarudi Afrika mwaka 1996. Kampaundi ya malaria inayoitwa MMV390048, iliyotangazwa na kundi lake mwaka 2012 na kuanza kujaribiwa kwa watu mwaka 2014, ina pete ya aminopiridini katikati na pete nyingine mbili pembeni, na hizo mbili zinafungwa kwa muungano wa Suzuki, yaani kwa paladi. Mtu anayejua vichocheo ndiye anayeweza kusema: badilisha pete hii, weka ile, nipatie zote ishirini kufikia Ijumaa.

Ushauri wangu: fanya memwari ya shaba hapo nyumbani, ifanye vizuri, halafu tafuta mahali penye RMN kwa doktora. Mikono inajifunza kwa uchache wa vifaa, lakini kufika mbali bila vifaa ni mateso.

Kijana wa Katuba aliandika tena:

Aksanti sana Mama, aksanti Mtu wa SX, aksanti mkubwa wa Bukavu. Nimemsomea baba maneno ya SX na ya kathodi. Hakusema kitu, lakini aliniomba nimsomee tena ile sehemu ya molekuli inayoachia shaba kwenye asidi.

Mama, naomba uniongezee kidogo. Juu ya RMN hukunijibu. Na kuna mwenzangu ananiambia nimwombe prof abadilishe mada iwe ile ya Nobeli ya 2022, ya azidi na alkini. Anasema ni ya shaba pia, inafanyika ndani ya maji bila joto, na kinachotakiwa ni sulfati ya shaba na vitamini C tu. Je, si rahisi zaidi kwa mazingira yetu?

Mama Silika alijibu:

Mwenzako amesema kweli juu ya mmenyuko. Meldal wa Copenhagen, na Sharpless pamoja na Fokin huko California, waliupata mwaka 2002 kila kundi kwa njia yake. Sulfati ya shaba, askobeti ya sodiamu ya kuishusha shaba iwe ya chaji moja, maji na alkoholi kidogo, joto la chumba. Bila shaba unasubiri sana na unapata mazao mawili yaliyochanganyika. Ukitia shaba unapata moja tu, na kasi inapanda hata mara milioni kumi. Hata sulfati yenyewe unaweza kuitengeneza hapa: malakiti iliyosagwa na asidi ya sulfuriki, inatoa povu la gesi ya kaboni, unachuja, unaacha ijenge fuwele za bluu, unaziyeyusha na kuzijenga upya mpaka kobalti na chuma vimeachwa nyuma. Nawafanyisha hivyo wanafunzi wa prakitiki na wanafurahi sana.

Lakini azidi inaua, na hilo mwenzako hakulisema. Azidi ya sodiamu ni sumu ya kiwango cha sianidi. Ikikutana na asidi inatoa gesi yenye sumu inayolipuka. Ikikutana na diklorometani, ambayo iko kwenye kila rafu ya maabara, inatengeneza kitu kinacholipuka bila onyo. Na ikimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au ya risasi inajenga chumvi inayolipuka kwa kuguswa. Azidi za oganiki zenyewe zina kanuni: jumlisha kaboni na oksijeni, gawa kwa nitrojeni, ikiwa chini ya 3, usiitenge wala usiihifadhi. Benzili azidi ina kaboni 7 kwa nitrojeni 3, inapata 2.3 tu, na ndiyo azidi ya kwanza wanayoikimbilia wanafunzi. Inatakiwa itengenezwe ndani ya chombo kile kile na iliwe hapo hapo na alkini. Maabara isiyo na kofia ya kuvuta hewa inayofanya kazi umeme ukikatika haifai kwa hiyo. Baki na imidazoli yako.

RMN. Hatuna karibu, na nisingependa mtu akwambie si kitu. Unaizunguka kwa kuchagua vizuri molekuli za kuanzia. Bromobenzini ambayo prof amekutajia inatoa zao la maji maji, huwezi kulipima kwa joto la kuyeyuka. Mwombe aanze na bromoanisoli, ile yenye metoksi upande wa para, yaani mkabala na bromini. Zao lake ni yabisi, limekwisha kuelezwa kwenye makala nyingi, unaweza kulisafisha kwa fuwele na kulilinganisha na yaliyoandikwa. Usikubali kuanza na ile yenye kikundi cha nitro, hata kama inaonekana inakwenda vizuri. Nitro inavuta elektroni kiasi kwamba imidazoli inaiingia yenyewe kwa joto na besi, bila shaba. Utashangilia asilimia 90, kumbe jaribio tupu nalo linaweza kutoa zao vilevile.

Kila siku utaishi na bamba za silika, zinazotenganisha molekuli kuwa madoa, chini ya taa ya nanomita 254. Weka doa la kianzio, doa la mmenyuko, na doa la vyote viwili pamoja. Sampuli zilizokwisha kusafishwa, miligramu kumi za kila moja zinatosha, tunazikusanya na kuzituma kwa wenzetu nje, wanatusomea RMN. Inachukua muda. Kwa hiyo unatuma zile tu ambazo una uhakika nazo kwa asilimia kubwa, na hilo linakulazimisha kufikiri kabla ya kutuma. Mkubwa wa Bukavu ana haki kwamba doktora nzima hivi ni ngumu. Memwari inawezekana, na zimekwisha kutoka.

Argoni nunua kwa wauzaji wa gesi ya kuchomelea, mji wa migodi hauikosi. Besi tumia kaboneti ya potasi, iliyosagwa laini na kukaushwa kwenye tanuri. Ile ya sesi iache kwa wenye nayo. Pima kwa saa, kuanzia saa mbili asubuhi, na toa tone dogo kila nusu saa mpaka saa kumi jioni, ili kasi uione mwenyewe wakati umeme upo. Ukimaliza, osha kwa maji ya amonia: shaba inatoka na rangi ya bluu iliyokolea, na unaendelea kuosha mpaka bluu iishe. Baada ya hapo shaba iliyobaki kwenye zao lazima ipimwe kwa mashine, macho hayatoshi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mimi mwenyewe naomba msaada kila mwaka.

Mtu wa SX alijibu:

Mama, kwa kupima shaba tunaweza kuongea. Maabara yetu ya uchambuzi ina mashine ya ICP, inapima shaba usiku na mchana. Nimemuuliza msimamizi leo. Amekubali sampuli chache za mwanafunzi, zipimwe mwisho wa wiki mashine ikiwa na nafasi, kwa barua ya prof.

Masharti yake: ziwe zimekwisha kuyeyushwa katika asidi ya nitriki, bila kiyeyushi chochote cha oganiki ndani, kwa sababu kinazima moto wa mashine. Chupa ziwe za plastiki mpya. Kila kundi la sampuli liwe na chupa moja ya asidi ile ile isiyo na kitu, ili tujue asidi yenyewe ina shaba kiasi gani. Na mdogo wangu, zile za jaribio tupu ziandike wazi ili nizipitishe kwanza, kabla sampuli za kiwanda hazijapita kwenye bomba la mashine.